Njano Juu ya Njano

Obadia alikuwa fundi wa michoro ya ukutani, na kazi hiyo ilikuwa ikifa polepole, sambamba na magoti yake. Ukipita mitaa ya sokoni Nachingwea bado utauona mkono wake: kichwa cha mwanamume kilichonyolewa kwa upande nje ya kibanda cha kinyozi, kuku mzima wa kukaanga kwenye ukuta wa mgahawa, vidonge vya rangi mbili nje ya duka la dawa. Lakini kila masika vinafifia kidogo, na siku hizi mwenye duka akitaka bango anakwenda kwa vijana wenye mashine, wanamchapia kwenye turubai na kumtundikia kabla chai yake haijapoa. Obadia hakuwalaumu. Aliyaona mambo hayo kama mvi, zinaota tu, huna wa kugombana naye.

Mkewe, Domitila, alikuwa amekwisha kumwambia aache ngazi na makopo, wabaki na shamba lao la Lionja, wapate muhogo wao, ufuta na alizeti kidogo. Naye angeacha, lakini shamba lilimvunja moyo. Mwaka uliopita, alizeti ikiwa imefunga vichwa vizuri, ng'ombe wa wafugaji walipita humo wakielekea majini. Walikuwa wageni, watu wa kutoka Kanda ya Ziwa, waliohamia huku na mifugo yao. Asubuhi Obadia alikuta mabua yamesimama bila vichwa kama watu waliovuliwa kofia. Alisema maneno makali siku mbili tatu, kisha maneno nayo yakamchosha. Akarudi kwenye brashi.

Ndipo sista Shakila alipompigia simu. Huyu alikuwa nesi mkuu wa kituo kidogo cha afya huko huko vijijini, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha na moyo wa kubembeleza. Nyuma ya kituo kulikuwa na nyumba ya kungojea: chumba kirefu chenye vitanda, ambamo wajawazito wanaokaa mbali huja kulala wiki za mwisho, ili uchungu usiwakute porini.

"Mzee Obadia, chumba changu kinatisha," Shakila alimwambia alipofika. "Tazama kuta hizi. Mama analala hapa siku na siku, anaangalia plasta tu, utadhani amefungwa. Nataka maua. Na nayataka haya."

Akamtolea kalenda kuukuu iliyoachwa na daktari mgeni aliyewahi kujitolea pale. Miezi yake ilikwisha pita zamani, lakini picha zilikuwa na rangi bado. Zote zilikuwa za mchoraji mmoja wa Uholanzi aliyefariki zamani sana, na kurasa nne zilionyesha kitu kilekile: maua ya alizeti yaliyokatwa na kutiwa kwenye chungu.

Obadia alizisogeza mbali na uso, maana macho nayo yalikuwa yameanza kumkimbia.

"Huyu alikuwa fundi kweli?"

"Wanasema hizi ni miongoni mwa picha zinazojulikana kuliko zote duniani."

"Kapaka njano juu ya njano. Ua la njano, chungu cha njano, ukuta wa nyuma njano. Sisi angekuwa mwanafunzi wetu tungemrudisha kwao. Bango la namna hiyo nani atalisoma?"

"Si bango, mzee."

"Na nani anakata alizeti akaitia chunguni? Alizeti ni mafuta. Halafu tazama haya mengine, yamekauka, yameinama. Hili limebaki kipara." Alikuwa ameanza kukasirika bila kujua sababu. "Mtu unachora ua, si unachora lililo zima?"

Shakila alicheka, akavuta kiti. Alikuwa amesoma habari zake kwenye simu na alitaka mtu wa kumsimulia. Mchoraji yule, alisema, alipanga nyumba ugenini, akawa anamngojea rafiki yake aje waishi na kufanya kazi pamoja. Alikuwa mpweke sana. Kila akifikiria mgeni atalala wapi, aliona chumba ni kitupu mno. Basi akaanza kuchora alizeti za kutundika chumbani mwa mgeni. Alichora mbio mbio tangu jua linachomoza, kwa kuwa maua yakishakatwa hayakungoji. Akimaliza picha moja anaanza nyingine ya maua hayohayo.

"Na huyo rafiki alikuja?"

"Alikuja. Wakakaa kama miezi miwili, wakagombana vibaya, akaondoka."

"Maua yakabaki."

"Maua yakabaki, mzee wangu."

Obadia aliikunja kalenda akaitia kwenye mfuko wa brashi. Hakusema kwamba ameipenda kazi, kwa sababu hakuipenda. Isitoshe alikuwa na sababu yake ya kutotaka kuingia katika nyumba ile. Yeye na Domitila walijaliwa binti mmoja, Beatrisi. Masika ya miaka kadhaa nyuma Beatrisi alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, mvua inamwagika, na pikipiki iliyokuwa ikimleta kituoni kutoka kijiji cha ng'ambo ikakwama kwenye mto uliokuwa umejaa. Mto ulipopungua hapakuwa na haja tena ya kuvuka, wala kwake wala kwa mtoto. Tangu hapo Domitila hakuwahi kupita njia ya kituoni. Akienda mnadani alizunguka kwa nyuma, kwenye mikorosho. Na wao wawili, waliokuwa wakiitana Baba Beatrisi na Mama Beatrisi tangu ujana wao, waliacha kuitana jina lolote. Waliambiana tu "wewe", na wakati mwingine walikohoa.

Lakini Shakila ndiye aliyemshona Domitila kidole alipojikata na panga, ndiye aliyekuja msibani na kulala chini pamoja na wafiwa. Mtu wa namna hiyo humkatalii. Obadia akaanza kazi Jumatatu.

Ukuta wa kwanza ulimtoa jasho bure. Alikuwa na kopo moja la njano, ile njano kali ya mistari ya barabarani, na nyeupe ya kuizimulia. Alipaka ukuta wa nyuma, akasimamisha maua mbele yake, akashuka kwenye ngazi kuangalia. Hakukuwa na maua. Kulikuwa na njano imemwagika. Akina mama waliokuwa wamelala pale walitazama kwa adabu. Mmoja tu aliuliza, "Ni ndizi, baba?"

Jioni alimsimulia mkewe, si kwa kutaka shauri, bali kwa sababu uchovu humfanya mtu aongee. Alimwonyesha kalenda. "Yule mtu alikuwa na njano nyingi. Hii ya maziwa, hii ya asali, hii ya kuungua. Mimi ninayo moja, na inapiga kelele."

Domitila aliishika kalenda karibu na taa ya sola. Aliangalia kwa muda mrefu ua moja lililopoteza petali zote.

"Udongo wa bondeni," alisema. "Ule wa kukandikia."

Kumbe Obadia alikuwa ameusahau. Zamani, kiangazi kikifika, Domitila na Beatrisi walikuwa wakishuka bondeni na ndoo, wanachimba udongo wa rangi, wanaupiga ukutani kwa viganja, nyumba inang'aa kama imeoga. Ukuta wao ulikuwa haujakandikwa tena tangu msiba. Kesho yake aliporudi alikuta kando ya mlango ndoo tatu, zimefunikwa kwa majani: udongo wa njano iliyopauka, wa njano iliyoiva, na mmoja wa kahawia ukielekea wekundu. Umechujwa vizuri, hauna hata changarawe. Domitila alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukuta, miguu ingali na tope. Obadia hakumwamsha.

Aliuchanganya na rangi ya maji, akaongeza gundi ili ushike. Sasa njano zikaanza kupishana. Moja ilirudi nyuma, nyingine ikasogea mbele, ya tatu ikakaa katikati kama mpatanishi, na maua yakasimama kwenye ukuta wao bila kupotea. Obadia aliyepaka mabango maisha yake yote, nyekundu juu ya nyeupe, nyeusi juu ya njano, ili mtu asome akiwa juu ya baiskeli, alijikuta amekaa chini na brashi mkononi, anatazama. Alielewa kwamba mchoraji yule hakutaka kusomwa. Alitaka mtu akae hapo.

Basi akamaliza ukuta wa kwanza, akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Maua ni yaleyale, lakini hakuna ukuta uliofanana na mwingine, maana mkono wa asubuhi si mkono wa mchana, na mgongo ukiuma ua nalo linapinda.

Katika chumba kile alikuwamo mama mmoja kijana, mrefu, kitanda chake kiko pembeni karibu na ukuta wa nne. Jina lake Helena. Wenzake walipika pamoja jikoni nyuma, wakionjana mboga; yeye alipika peke yake. Obadia hakuhitaji kuambiwa. Alivyotamka maneno yake tu, alijua ni wa wale wa ng'ombe. Mumewe, Malimi, alimleta kwa pikipiki kutoka bomani kwao Mbwemkuru, upande wa Ruangwa, pamoja na kiroba cha unga na kidumu cha maziwa, akarudi kwa mifugo.

"Baba," Helena alimwambia siku moja, "kwetu Maswa alizeti ni nyingi namna hiyo. Unatembea katikati, huonekani."

"Hata huku zilikuwepo," Obadia alijibu bila kugeuka. "Mpaka zikaliwa."

Helena aliinamisha macho, akavuta kanga yake tumboni. Hakuzungumza tena siku hiyo, na Obadia aliendelea kupaka huku ameridhika kidogo, na huko kuridhika kukamchosha kuliko ngazi.

Ukafika ukuta wa nne. Huu ulikuwa wa picha yenye maua yaliyochakaa kuliko yote. Obadia alikuwa amekwisha kuamua kuyaacha. Si vizuri, alimwambia Shakila kwa sauti ya chini, mama anasubiri kujifungua umwekee kichwani maua yaliyokufa. Angechora mengine yaliyonyooka. Shakila alisita, akasema, "Fanya unavyoona, mzee."

"Sista," Helena alisema kutoka kitandani. "Mwambie asiyaache."

Wote wakageuka.

"Hayo hayajafa. Yamejaa." Alijiinua kwa taabu, akaegemea mkono. "Alizeti ikiwa changa inafuata jua, inajidai. Mbegu zikikomaa haiwezi tena, shingo inalemewa, inatazama chini. Petali zinaanguka, nani ana haja nazo? Kwetu hiyo ndiyo tunayoifurahia, ndiyo yenye mafuta." Akajitazama. "Hata mimi mwezi huu sijatazama juu."

Mama mmoja mwenye mimba ya mapacha alicheka kwanza, akashika kiuno, akasema, "Ee Mungu, na mimi nimeinama kweli," na kicheko kikazunguka vitandani. Mtu akamtupia Helena embe kavu. Obadia alirudi kwenye ngazi yake, akaichukua kalenda, akaitazama upya picha ile aliyokuwa akiikwepa. Vichwa vile vizito, vimejaa punje hadi ukingoni. Alikuwa mkulima, alipaswa kuliona. Lakini tangu msiba, kila kilichoinama alikiona kimekufa.

Alianza ukuta wa nne palepale.

Alikuwa katikati ya chungu, mchana wa siku ya pili yake, aliposikia Helena akimwita sista kwa sauti isiyokuwa yake. Shakila aliingia, akafunua shuka, uso wake ukabadilika. Akatoka akiongea na simu. Mtoto amekaa vibaya na damu inatoka. Lazima aende hospitali ya mjini, afanyiwe upasuaji. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo. Simu ya Malimi ilikuwa haipatikani, bila shaka yuko malishoni kusiko na mtandao.

"Mzee Obadia," Shakila alisema. "Mimi ndani nina mwingine anayesukuma. Nimemtoa msaidizi wangu aende naye, lakini huko anahitaji ndugu wa kukaa mlangoni, wa kutumwa, wa kujibu. Hawa wote unaowaona hawawezi kusafiri."

"Mimi si ndugu yake."

"Najua."

Obadia aliitazama mikono yake iliyojaa njano mpaka viwikoni. Njia ya mjini aliijua. Ilipita mto uleule. Magoti yalimwambia akae. Aliweka brashi kwenye kopo la maji, akapanda gari.

Walikwenda kwa kurukaruka. Mto ulikuwa na maji ya magotini, ya rangi ya chai, kwa kuwa juu kulikuwa kumenyesha. Dereva alisimamisha, akashuka kupima kwa fimbo. Obadia alifumba macho. Alihisi mkono umemshika, wa baridi, una nguvu za ajabu.

"Baba," Helena alisema, "niongeleshe. Nikinyamaza naogopa."

Aongee nini? Maneno yake yote ya mto ule yalikuwa ya kufa. Basi akashika la kwanza lililokuja. Akamsimulia habari za mtu mmoja wa ng'ambo za mbali aliyekuwa akimngojea mgeni. Alivyoona chumba ni kitupu. Alivyoamka na jua, akakata alizeti, akachora mbio mbio zisije zikanyauka, leo hizi, kesho hizi, ili mgeni akiingia ajue kwamba alikuwa anangojewa. Gari liliingia majini, likayumba, maji yakapiga mlango. Obadia aliendelea kusimulia. Ugomvi hakuutaja.

"Mgeni alifurahi?" Helena aliuliza, macho yamefumba.

Obadia hakujua. Shakila hakumwambia. "Alifurahi sana," alisema.

Gari likapanda ukingo wa pili.

Hospitalini walimpokea mbio. Nesi mmoja alitoka na maswali. "Wewe nani wake? Baba yake mzazi?"

Obadia alifungua kinywa kueleza: fundi, kituo, rangi, mume yuko malishoni. Maelezo yalikuwa marefu na yeye hakuwa na pumzi.

"Ndiyo," alisema. "Mimi baba yake."

Alikaa kwenye benchi la saruji. Watu walimpisha kwa sababu ya rangi, wakidhani ni ugonjwa. Aliletewa maji na mtu asiyemjua, akanywa, akasinzia akiwa ameketi, akaamka, akasinzia tena. Jua lilikuwa limelala sana alipoambiwa kwamba mtoto ni wa kiume, analia vizuri, na mama atapona ila amepungukiwa damu. Obadia aliitikia kwa kichwa. Alitaka kufurahi, lakini kufurahi nako kunataka nguvu. Alichoweza ni kulia kidogo, kimyakimya, akajifuta, akajipaka njano usoni.

Malimi alifika magharibi, vumbi mpaka kwenye kope. Ujumbe ulimfikia malishoni kwa mdomo wa jirani. Alikuwa kijana mwembamba, amevaa makobazi ya matairi. Alipoelezwa, alikuja mbele ya benchi, akainama, akamwamkia Obadia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akabaki amesimama. "Baba, wanasema wewe ni wa Lionja. Kuna shamba la alizeti huko, karibu na njia ya majini. Mwaka jana..."

"Nalijua."

"Wale ng'ombe walikuwa wangu. Nilisinzia. Nilikuwa nimetembea nao siku tatu, nikasinzia."

Obadia alimtazama. Mwaka mzima alikuwa amemtafuta mtu huyu kichwani, akampa sura ya jeuri, tumbo kubwa na fimbo. Huyu alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi, kama yeye.

"Tutaliongea shamba," alisema. "Si leo. Leo kaa hapa kwenye benchi, mimi nimechoka."

Malimi akakaa.

Ukuta wa nne ulichukua siku nyingi, kwa kuwa Obadia aliugua mgongo akalala nyumbani. Aliporudi aliumaliza taratibu, kichwa kimoja kila asubuhi, na punje za katikati alizitia kwa ncha ya kijiti, moja moja. Shakila anasema akina mama wakija sasa hugombea kitanda cha pembeni. Wengine huona ni maua tu. Wengine huuliza mbona yamechoka, na daima kuna mmoja chumbani wa kuwaeleza. Na kuna walio kimya, wanaogeuka kwa ubavu wakatazama mpaka wakalala. Obadia alipoambiwa hayo alisema tu kwamba udongo ukianza kubanduka wamwite.

Suala la shamba waliliongea baadaye, likaisha kwa Malimi kuzungushia uzio wa miiba kwa mikono yake mwenyewe, kazi iliyomfundisha Obadia kwamba kijana yule hajui kabisa kufunga uzio. Alimwonyesha.

Mwishoni mwa kiangazi Malimi aliwaita Mbwemkuru. Obadia alidhani ataenda peke yake, lakini asubuhi alimkuta Domitila amekwisha kufunga kilemba, amekaa kwenye kigoda, mfuko wa korosho mapajani.

"Utachoka," alimwambia. "Ni mbali, na barabara ya Ruangwa ina mashimo."

"Nimekwisha choka," Domitila alijibu. "Twende."

Helena aliwapokea bomani kwa magoti, mtoto mgongoni. Walikula wali na nyama, wakanywa maziwa ya mgando. Baada ya chakula Helena alimfungua mtoto, akamnyooshea Domitila kwa mikono miwili, kama inavyofanywa kwa bibi. Mtoto alikuwa mzito, amelala, mdomo wazi.

Domitila hakunyoosha mikono. Ng'ombe walikuwa wanapumua nyuma ya uzio.

"Bado, mwanangu," Domitila alisema. "Usinione vibaya. Bado sijaweza."

"Hakuna shida, mama," Helena alisema. Hakumwondoa mtoto. Alikaa chini hapohapo kwenye mkeka karibu naye, mtoto mapajani mwake, wakaendelea kubangua korosho na kuzungumza habari za mvua, kama zitawahi au zitachelewa. Baada ya muda Domitila, huku akiongea, alinyoosha kidole akakigusa kisigino cha mtoto, kilikuwa na vumbi, akakifuta.